Njia ya kuondoa: jibu langu linakubali, na la kitabu linakubali. Inawezekanaje?

msomi_wa_usiku

Habari zenu wote. Naombeni msaada, nimekaa na swali moja tangu juzi na kurasa nne za daftari zimeisha.

Niliacha shule kabla ya kumaliza. Sasa nina miaka 41 na nimeamua kurudia mtihani wa hesabu. Nasoma mwenyewe usiku watoto wakishalala, kwa hiyo sina mwalimu wa kumwuliza papo hapo. Nimefika kwenye milinganyo miwili yenye x na y, ile inayotatuliwa kwa pamoja kwa njia ya kuondoa. Swali ni hili:

5x − 3y = 21 ... (1)
2x − 7y = 20 ... (2)

Nikaamua kuondoa x. Wa kwanza nikauzidisha kwa 2 na wa pili kwa 5, ili x zote mbili ziwe 10:

10x − 6y = 42
10x − 35y = 100

Halafu nikatoa. 10x kutoa 10x ni sifuri. −6y − 35y ni −41y. 42 − 100 ni −58. Basi −41y = −58, na y = 58/41. Nikairudisha kwenye mlinganyo wa (1), nikapata x = 207/41.

Namba mbaya, nakubali, lakini kitabu kinasisitiza kuhakiki, nami nikahakiki. 5 mara 207/41 ni 1035/41. 3 mara 58/41 ni 174/41. Ukitoa unabaki na 861/41, na 861 ukigawanya kwa 41 ni 21 kamili. Nilifurahi kweli, maana sehemu zile zilinichukua muda. Nikafunua majibu nyuma ya kitabu: x = 3, y = −2. Nikayaingiza kwenye (1): 15 + 6 = 21. Nayo yanakubali!

Maswali yangu ni mawili. Kama nimekosea, mbona hakiki imekubali? Na la pili ndilo linaloninyima usingizi: ni nani aliyeturuhusu kutoa mlinganyo mzima kwenye mlinganyo mwingine? Kuongeza 5 pande zote mbili naelewa, kuzidisha pande zote kwa 2 naelewa. Lakini hapa natoa kitu chenye x na y ndani yake, na sijui x ni ngapi wala y ni ngapi. Kitabu kinasema tu "toa (2) kutoka (1)" na kuendelea na safari yake. Sitaki kukariri. Mara ya kwanza nilikariri, na mwaka mmoja baadaye sikuwa na kitu kichwani.

fundi_namba

Dada, hongera kwa kurudi kusoma. Kosa lako liko mahali pamoja tu, kwenye y.

Unatoa −35y, hutoi 35y. Yaani −6y − (−35y), ambayo ni −6y + 35y = 29y. Kisha 29y = −58, y = −2. Ingiza: 5x + 6 = 21, x = 3. Kitabu kiko sawa.

Weka mabano kila unapotoa namba hasi, hutarudia tena kosa hili. Ukiona jibu kama 58/41 kwenye swali la kitabu, simama kwanza uangalie alama zako kabla hujaendelea. Si lazima jibu liwe namba nzima, lakini mtunzi wa maswali mara nyingi huchagua namba safi.

msomi_wa_usiku

Asante sana kaka. Nimerudia na mabano, nimepata 29y. Nimeona.

Lakini bado hakiki inanisumbua. Kama nilikosea pale, kwa nini mlinganyo wa (1) ulikubali jibu langu bovu bila hata kulalamika? Hakiki ina faida gani sasa? Na la ruhusa ya kutoa halijajibiwa.

chaki_mkononi

Mwanangu, hayo maswali mawili ni mazuri kuliko swali lenyewe la kitabu. Nimefundisha hesabu miaka 32 kabla ya kustaafu, na waliouliza la ruhusa naweza kuwahesabu kwa vidole vya mikono yangu miwili. Kaa, tulifanye taratibu.

Nianze na hakiki. Ulipata y, ukaiingiza kwenye (1) ili ikupe x. Maana yake x yako ilitengenezwa na (1) yenyewe. Ukirudi kuiuliza (1) kama inakubali, itakubali tu, kama shahidi uliyemfundisha mwenyewe la kusema. Hata y yako ingekuwa ya kubuni ingekubali. Chukua y = 3: 5x − 9 = 21, x = 6. Inakubali. Chukua y = −7: 5x + 21 = 21, x = 0. Inakubali. Ukiendelea hivyo mpaka asubuhi hutamaliza jozi zinazoikubali (1), maana hazina mwisho. Ukizichora kwenye grafu zote zinalala kwenye mstari mmoja ulionyooka. Jozi yako ya 207/41 na 58/41 imo kwenye mstari huo, na 3 na −2 imo pia. Ndiyo sababu zote mbili zilikubali.

Mlinganyo mmoja wenye herufi mbili haukupi nukta, unakupa mstari. Wa pili unakupa mstari mwingine. Tunachotafuta ni pale mistari inapokatana, na pale ni pamoja tu. Sasa ipeleke jozi yako kwa (2), ambayo haikushiriki kuitengeneza x: 2 mara 207/41 ni 414/41, 7 mara 58/41 ni 406/41, tofauti ni 8/41. Tulitaka 20! Hapo ndipo kosa lingejitangaza lenyewe, bila kufunua majibu ya nyuma. Kwa hiyo ukipata herufi ya mwisho kutoka (1), hakiki kwenye (2). Ukiipata kutoka (2), hakiki kwenye (1). Na ile ya asili, kama ilivyoandikwa kwenye swali, si ile uliyoizidisha, maana huenda ulikosea kwenye kuzidisha.

Twende kwenye ruhusa.

Unasema kutoa 5 pande zote unaelewa. Kwa nini unaelewa? Kwa sababu kilichotoka kushoto na kilichotoka kulia ni kitu kilekile. Sasa soma (2) polepole: 2x − 7y = 20. Alama ya sawasawa inasema kwamba, kwa ile x na ile y tunayoitafuta, "2x − 7y" na "20" ni namba moja yenye majina mawili. Basi nikitoa 2x − 7y upande wa kushoto wa (1), na 20 upande wa kulia wa (1), nimetoa nini? Nimetoa kitu kilekile pande zote mbili. Kushoto nimekiita kwa jina lake refu, kulia kwa jina lake fupi. Aliyekupa ruhusa ni mlinganyo wa (2) wenyewe.

Huna haja ya kujua x ni ngapi. Unachohitaji ni kujua kwamba majina yale mawili ni ya namba moja, na swali limekuhakikishia hilo tangu mwanzo.

Lakini angalia maneno "kwa ile x na ile y tunayoitafuta". Ukichukua x na y nyingine yoyote, 2x − 7y si lazima iwe 20, na ruhusa inayeyuka. Ndiyo maana mlinganyo mpya unaozaliwa una uhakika wa kupita kwenye nukta moja ya zamani tu, ile ya makutano. Jaribu kwa mkono wako. Jumlisha (1) na (2) bila kuzidisha chochote: 7x − 10y = 41. Weka 3 na −2: 21 + 20 = 41. Toa badala ya kujumlisha: 3x + 4y = 1. Weka 3 na −2: 9 − 8 = 1. Zidisha utakavyo, jumlisha utakavyo, kila mstari utakaozaa utapita palepale. Ichore hiyo minne kwenye karatasi ya miraba, (1), (2), na hii miwili, uone inavyokutana mahali pamoja kama njiti za tairi la baiskeli.

Hapo utaelewa kuondoa ni nini hasa. Ukichanganya milinganyo miwili unauzungusha mstari kwenye nukta ile isiyosogea. Kati ya mistari yote inayoweza kupita pale, kuna mmoja uliolala chali, y = −2, hauna x kabisa. Na kuna mmoja uliosimama wima, x = 3, hauna y. Kuzidisha kwa 2 na kwa 5 ni kutafuta mzunguko utakaoulaza mstari. Ndiyo kazi yake yote.

Na kwa sababu hiyo usiitupe milinganyo ya zamani. y = −2 peke yake haijui lolote kuhusu x, inapita kushoto na kulia bila kikomo. Ni lazima uishike pamoja na (1) au (2) ndipo makutano yaonekane tena. Hiyo ndiyo hatua ya "rudisha y ili upate x".

Mwisho, kosa lako. Fundi hapo juu ameliona vizuri, mimi nataka uone lilivyotokea, maana nimelisahihisha kwa wino mwekundu mara nyingi mno. Angalia safu zako tatu. Kwenye 10x ulitoa. Kwenye 42 na 100 ulitoa. Kwenye katikati ulikuta alama ya kutoa tayari imeandikwa mbele ya 35y, macho yakaona kazi imeshafanyika, ukasoma tu "−6y − 35y". Alama moja ikafanya kazi mbili: ya kuonyesha kwamba 35y ni hasi, na ya kukuambia utoe. Haiwezi kuzifanya zote. Zinatakiwa alama mbili, na ukiziandika zote mbili zinakuwa kujumlisha.

Mimi mwenyewe niliacha kufundisha kutoa kwenye njia hii. Niliwaambia wanafunzi: zidisha mmoja wapo kwa namba hasi, halafu jumlisha daima. Hapa ningezidisha (2) kwa −5:

10x − 6y = 42
−10x + 35y = −100

Jumlisha: 29y = −58. Kazi ya alama inaisha kwenye kuzidisha, namba moja moja, na macho yakiwa yametulia. Ukifika kwenye kujumlisha hakuna mtego tena.

Usione aibu kujikwaa pale. Wachina wa kale waliifanya njia hii hii kwa vijiti vilivyopangwa juu ya ubao, na kwenye kutoa wakakutana na namba zilizopungua chini ya sifuri. Liu Hui, aliyeandika maelezo yake mwaka 263, anaeleza kutumia vijiti vyekundu kwa chanya na vyeusi kwa hasi. Kanuni za kutoa hasi kwenye hasi waliziandika kwa ajili ya kazi hii hasa. Uliposimama wewe juzi ndipo waliposimama wao.

njia_fupi

Shikamoo mwalimu. Maelezo ya mstari unaozunguka sijawahi kuyapata popote, asante.

Mimi lakini ningemshauri dada aachane na kuondoa kwanza, atumie njia ya kuingiza. Unaitoa x kwenye mlinganyo mmoja, unaiweka kwenye mwingine, huhitaji kulinganisha namba wala kuwaza nani anatolewa kwa nani. Mimi ndiyo iliyonivusha.

chaki_mkononi

Marahaba mwanangu. Ni njia nzuri, na kwenye maswali mengine ndiyo ya kwanza kuishika. Ukikuta y = 3x − 4 imeshakaa peke yake, kuanza kuipanga upya ili uiondoe ni kujichosha.

Ila jaribu kwenye swali hili. Kutoka (1), x = (21 + 3y)/5. Iweke kwenye (2): 2(21 + 3y)/5 − 7y = 20. Tayari una sehemu, na kabla ya kufika popote utazidisha kila kitu kwa 5 uifute. Ukiifuta unabaki na 42 + 6y − 35y = 100. Angalia namba hizo: 42, 6, 35, 100. Ni zilezile za dada. Umezidisha kwa 2 na kwa 5 bila kujua, kwa kupitia mlango wa nyuma, na umebeba sehemu njiani.

Kipimo changu ni hiki: kama kuna herufi isiyo na namba mbele yake, yaani ni x tu au y tu, ingiza. Kama zote zina namba, ondoa.

Na ukiamua kuondoa, usikimbilie kuzidisha namba kwa namba. Ukiwa na 6x na 4x, watu wengi wanazidisha hadi 24x. KDS (kigawe kidogo cha shirika, yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa zote mbili) ya 6 na 4 ni 12, basi wa 6 unauzidisha kwa 2 na wa 4 kwa 3, imetosha. Namba ndogo hazichoshi, na mtu asiyechoka hapotezi alama.

msomi_wa_usiku

Shikamoo mwalimu. Nimechora mistari minne kama ulivyosema, kwenye karatasi ya miraba ya mwanangu. Nilipochora wa nne, 3x + 4y = 1, na ukapita palepale kwenye 3 na −2, nilisimama kutoka kwenye kiti. Nimeelewa sasa, siyo nimekariri.

Halafu nimefanya jambo jingine. Nimerudia swali lilelile ila nimeondoa y badala ya x, ili nione kama nitafika mahali pamoja. (1) mara 7, na (2) mara −3:

35x − 21y = 147
−6x + 21y = −60

Nimejumlisha: 29x = 87, x = 3. Nimeiweka kwenye (1) nikapata y = −2, nimehakiki kwenye (2): 6 + 14 = 20. Safi.

Ila mwalimu, ile 29 imetokea tena. Nilipoondoa x nilipata 29y, na nilipoondoa y nimepata 29x. Nilizidisha kwa namba tofauti kabisa. Ni bahati tu, au kuna kitu?

chaki_mkononi

Marahaba mwanangu. Siyo bahati. Umekiona mwenyewe kitu ambacho wengi wanakuja kuambiwa darasa la mbele kabisa.

Ziandike namba zilizo mbele ya x na y peke yake, kama zilivyokaa:

5  −3
2  −7

Zidisha kimshazari. 5 mara −7 ni −35. Mshazari mwingine, 2 mara −3, ni −6. Toa: −35 − (−6) = −29. Hiyo ndiyo 29 yako. Alama inategemea tu ni upi umeutoa kwa upi. Kwa nini inatokea mara zote mbili? Fuata ulichokifanya. Kuondoa x, ulizidisha −3 kwa 2 na −7 kwa 5. Kuondoa y, ulizidisha 5 kwa 7 na 2 kwa 3. Ni mazao yaleyale mawili, 35 na 6, na mara zote unatafuta tofauti yake.

Namba hiyo inaijua hali ya mistari kabla hujaanza kazi. Ikiwa si sifuri, mistari inakatana mahali pamoja na jibu ni moja. Ikiwa sifuri, mistari ina mwinamo mmoja, na ukiondoa x, y itaondoka nayo. Hapo linabaki moja kati ya mawili: ama mistari ni sambamba na haikutani kamwe, na kazi yako itaishia kwenye uongo kama 0 = −10; ama milinganyo yote miwili ni mstari mmoja ulioandikwa mara mbili, na utaishia na 0 = 0. Ukifika kwenye 0 = 0 usifute ukadhani umekosea. Ni jibu.

Ni lazima nikuonye na jambo moja linalofanana na hili. Katika kuzidisha usitumie sifuri hata siku moja. Mlinganyo ukizidishwa kwa sifuri unakuwa 0 = 0, ni kweli, lakini umefuta mstari wako wote na hauwezi kurudi.

kompyuta_na_kalamu

Mwalimu, naomba niongeze kidogo maana hii ndiyo kazi yangu ya kila siku. Naandika programu za kukokotoa, na ndani yake kuna njia hii hii, ila herufi si mbili, ni mamia au maelfu.

Dada, ulichokielewa hakikomei kwenye x na y. Kitabu cha kale cha Kichina cha Sura Tisa, hicho ambacho Liu Hui alikitolea maelezo, kina swali la mafungu ya nafaka za daraja tatu. Kwa herufi zetu ni hivi:

3x + 2y + z = 39
2x + 3y + z = 34
x + 2y + 3z = 26

Ondoa z. Wa kwanza kutoa wa pili: x − y = 5. Wa kwanza mara 3 kutoa wa tatu: 8x + 4y = 91. Umebaki na miwili, na miwili unaijua. Zidisha x − y = 5 kwa 4, jumlisha: 12x = 111, x = 9 na robo. y ni 4 na robo, z ni 2 na robo tatu. Hayo ndiyo majibu yaliyomo kwenye kitabu hicho. Herufi tatu zinashuka kuwa mbili, mbili zinashuka kuwa moja, halafu unapanda kurudi juu. Angalia tu kwamba mara zote mbili uondoe herufi ileile. Anayeondoa z mara ya kwanza na y mara ya pili anabaki na herufi tatu kama alivyoanza, na hapo ndipo wengi wanapozunguka.

Leo njia hii inabeba jina la Gauss, mwanahisabati wa Ujerumani aliyezaliwa 1777, aliyeipanga vizuri alipokuwa akikokotoa njia za vitu vya angani kama asteroidi Pallas. Kwa milinganyo 1,000 yenye herufi 1,000 inataka hatua za hesabu takriban milioni 670. Kompyuta ya kawaida haiuoni huo kuwa mzigo.

Kitu kimoja ambacho kompyuta inafanya na wewe huhitaji: kabla ya kuondoa inatafuta mlinganyo wenye namba kubwa mbele ya x na kuanza nao. Kompyuta hukata desimali, na ukigawanya kwa namba ndogo sana makosa yale madogo yanavimba. Wewe unatumia sehemu kamili, 58/41 inabaki 58/41. Chagua inayokurahisishia mkono.

msomi_wa_usiku

Asanteni wote, na mwalimu asante zaidi. Nimelifanya lile la herufi tatu kwa kuondoa y badala ya z, nimefika kwenye 9 na robo ileile. Nimehakiki kwenye mlinganyo wa tatu ambao sikuutumia mwishoni: 9 na robo, jumlisha 8 na nusu, jumlisha 8 na robo, ni 26.

Kuna swali la 14 kwenye kitabu changu ambalo wiki iliyopita nililikata kwa kalamu nikaandika pembeni "kitabu kimekosea":

4x − 6y = 10
6x − 9y = 15

Leo kabla ya kuanza nimezidisha kimshazari. 4 mara −9 ni −36. 6 mara −6 ni −36. Tofauti ni sifuri, nikajua herufi zote mbili zitaondoka. KDS ya 4 na 6 ni 12, basi wa kwanza mara 3, wa pili mara −2:

12x − 18y = 30
−12x + 18y = −30

0 = 0. Ni mstari mmoja ulioandikwa mara mbili. Nimejaribu x = 4, y = 1, unakubali kwenye yote miwili. x = 1, y = −1, unakubali pia.

Mwalimu, kwenye mtihani naandikaje jibu la namna hii? Naandika tu "majibu hayana mwisho", au wanataka zaidi?

chaki_mkononi

Andika hayo, halafu uonyeshe majibu yenyewe yanapatikanaje. Ugawanye mlinganyo wa kwanza kwa 2: 2x − 5 = 3y. Basi y = (2x − 5)/3, kwa x yoyote utakayoichagua. Weka na jozi mbili za mfano, hizo hizo zako zinatosha. Na ufute yale maneno uliyoyaandika pembeni ya swali la 14.